Mbio Nilizozikimbiza kwa Mdomo

Mwezi uliopita tulimzika Ndirangu kule Kiriaini, kwenye mteremko wa shamba lake la chai, na mimi niliwekwa kiti cha mbele kabisa, karibu na wachungaji. Sikushangaa. Mtu akiwa na malori manne barabarani na nyumba ya ghorofa pale Skuta, mjini Nyeri, hawezi kuachwa asimame nyuma kwenye matope. Turubai ilikuwa yangu, viti nilivilipia mimi, na lori langu ndilo lililobeba kwaya. Kwa hiyo mwenye kuendesha shughuli alipofika kwa marafiki wa marehemu aliniita wa kwanza, akasema huyu mzee alikaa na marehemu chumba kimoja kule Nyeri wakiwa vijana, na mdomo wake mnaujua, basi tukae vizuri tumsikilize. Watu wakakaa vizuri. Nikashika kipaza sauti. Mimi nimeongea mbele ya wakuu wa wilaya, nimeongea kwa harambee mpaka watu wakarudi mfukoni mara ya pili, na nimewahi kumchekesha meneja wa benki hadi akatoa leso. Sijawahi kukosa neno. Siku hiyo nilisema Ndirangu alikuwa mtu wa kweli, nikampa pole mjane na watoto, nikarudi kukaa. Mjane akanishika mkono akaniambia, pole mzee, naona imekuingia sana. Alifikiri ni huzuni. Huzuni ilikuwapo, lakini kitu kilichonifunga ulimi kilikuwa aibu, na ni aibu ya mwaka mmoja tu, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Kwa kuwa nilishindwa kuisema pale, wacha niiandike.

Mambo ya baba na mama na mbuzi wa utotoni nayaruka, maana kila mtu wa rika langu alikuwa na mbuzi. Naanza na chumba. Kilikuwa mtaa wa Majengo, nyuma ya msikiti, chumba cha udongo kilichozungushiwa madebe yaliyopigwa nyundo yakanyooka, na mvua ikinyesha yale madebe yalilia kila moja kwa sauti yake. Kitanda kimoja, cha kamba, tulilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Mwenye nyumba alikuwa Mama Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye baba yake alikuja na kazi ya reli na hakurudi kwao, na mbele ya vyumba alikuwa na hoteli yake ya chai, meza nne na mabenchi, na ukuta mwembamba kiasi kwamba tukiwa kitandani tulijua nani amekula maharagwe akasema atalipa mwisho wa mwezi. Harufu ya tangawizi na mandazi ilituamsha kabla ya adhana kumalizika. Mimi wakati huo nilikuwa nabeba magunia ya viazi sokoni, darasa la nne ndani ya kichwa na suruali moja ya Jumapili, na nilikuwa nishaamua kwamba sitakufa mbeba magunia. Ndirangu alikuwa saisi, mtunza farasi, kwa mzungu mmoja mwenye shamba nje ya mji. Mzungu huyo tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa anauza shamba arudi kwao, na nyumba za wafanyakazi alikuwa amezibomoa mapema, ndiyo maana Ndirangu akaja kupanga na mimi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ananuka farasi hata baada ya kuoga, na watu wa Majengo walikuwa wakimtania kwamba siku akioa, bibi atadai nyasi.

Sasa nieleze umaarufu wangu, maana nilikuwa nao hata kabla ya malori. Wazungu walikuwa na uwanja wao wa mbio za farasi, na mara chache kwa mwaka walikimbiza farasi wakiruka viunzi, zile nyua za matawi ya saipras zilizofungwa pamoja, zikafika mtu kifuani, na mmoja uliokuwa na mtaro wa maji mbele yake. Zamani sisi tuliingia pale kama saisi ama wa kuokota chupa. Baada ya Uhuru mtu yeyote aliweza kusimama nyuma ya kamba. Lakini mbio zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi mafundi cherehani wa Majengo wako na kazi, mama wa sukumawiki wako sokoni, wapishi wa chai wako jikoni. Kwa hiyo mimi niliwaletea mbio. Ijumaa alasiri nilipanda juu ya kreti ya soda pale kwa Mama Zuhura nikazikimbiza kabla hazijakimbizwa, farasi mmoja mmoja, nani atatangulia, nani atachoka wapi. Kwato nilizipiga mapajani kwa viganja, na kila kiunzi nilikigonga kwa sinia ya bati. Halafu Jumapili, watu wakishatoka kanisani na Waislamu wakiwa wamepumzika, nilizikimbiza tena jinsi zilivyokuwa, na watu wakanihukumu kama Ijumaa nilisema kweli. Waliniita Redio. Nikiingia tu mtu alikuwa akisema, Redio, hebu washa. Chai sikulipia. Nasema bila kujisifu, hakuna mtu mji ule aliyekuwa anaweza kufanya kile nilichofanya juu ya ile kreti, na hata leo nikiuza mabati dukani kwangu nauza kwa sauti ileile. Lakini farasi sikuwajua. Kila kitu nilikitoa kwa Ndirangu, asubuhi tukikoroga uji, yeye akinieleza polepole na mimi nikiweka kichwani.

Mwaka huo mvua ndefu hazikutaka kwisha. Mlima wa theluji hatukuuona wiki nzima. Udongo wetu mwekundu ukishiba maji unakuwa kama ugali ambao haujaiva, unashika kiatu unabaki nacho. Na ndio mwaka Ndirangu aliambiwa apande. Mtoto wa Bwana Miwani, ambaye ndiye alikuwa mpandaji, alikwenda Australia kutafuta shamba lingine, na farasi jike wao akabaki bila mtu. Jina lake la kizungu lilikuwa refu na halikukaa mdomoni mwa mtu. Masaisi walimwita Nyambura, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. Bwana Miwani alimwita Ndirangu nyuma ya zizi akamweleza mambo wazi. Kuna mnunuzi anakuja kutoka Nairobi kuangalia. Nyambura akimaliza mbio katika uwanja mzito kama ule, atanunuliwa, na Ndirangu ataenda naye Nairobi kama mpandaji, na nyumba na mshahara. Asipomaliza, hakuna anayetaka farasi jike wa umri ule. Atapigwa risasi, nyama yake wapewe mbwa wa kuwinda, na Ndirangu aende anakotaka. Ndirangu alinieleza haya akikata kitunguu, kama mtu anayesoma bei ya chumvi. Mimi ndiye niliyeruka juu. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mweusi amepanda farasi katika mbio za pale, na huyo mtu alikuwa analala miguuni pangu.

Ijumaa tulienda naye kuangalia uwanja. Alitembea mzunguko mzima bila viatu, na kila baada ya hatua chache alikanyaga kwa kisigino akangoja kuona shimo litajaa maji haraka namna gani. Upande wa ndani, karibu na uzio, ndio njia fupi, lakini hapo palikuwa pamekanyagwa mwaka mzima na maji yalijaa mara moja. Nje kabisa, chini ya ua wa miba ya kai-apo, ardhi ilikuwa inashika, ila ni safari ndefu. Akaniambia farasi wakubwa wote watakata ndani kwa sababu wapandaji wao wana haraka, na watazama. Nyambura ni mwepesi, kwato zake ndogo. Yeye atapita nje, ataruka taratibu, na mzunguko wa pili wengine watakuwa wanaruka na miguu ya kuazima. Nikamuuliza, kwa hivyo utashinda? Akasema hajui. Akasema uwanja kama huo unamdanganya mnyama. Anavuta mguu kutoka kwenye matope mara nyingi sana, na mshipa wa nyuma unaweza kukatika bila yeye kujua mpaka umekatika.

Hiyo sehemu ya mshipa niliiacha uwanjani. Alasiri ile kwa Mama Zuhura watu walijaa hadi mlangoni, wengine wameshika watoto, na mimi nilikimbiza mbio ambazo nilikuwa sijawahi kuzikimbiza. Niliwazamisha wazungu mmoja mmoja. Mmoja nilimwacha mtaroni amekaa ndani ya maji na kofia yake inaelea. Nikamleta Nyambura kutoka nje, chini ya kai-apo, polepole, polepole, halafu kiunzi cha mwisho nikapiga ile sinia ikapinda. Watu walipiga kelele kama wamemwona kwa macho. Fundi Idi, mshonaji, ambaye alikuwa na ulimi mkali kuliko makasi yake, akaniuliza kutoka kwa benchi lake, "Na akianguka?" Nikamwambia, akianguka nitakaa kwa cherehani yako nikushonee wewe suruali. Wakacheka. Ndirangu alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko. Mama Zuhura akamgeukia, akasema Redio amesema yake, sasa mwenye kupanda aseme yake. Ndirangu akafikiri, akajibu kwamba atajaribu kumrudisha mnyama nyumbani. Watu wakacheka tena, wakafikiri ni unyenyekevu wa kujidai. Na mimi nilicheka.

Jumamosi Majengo nzima ilifunga kazi. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo. Fundi Idi alifunika cherehani yake na gunia, mama wa sukumawiki walipeana zamu, na tukatembea pamoja kwenda uwanjani na viatu mkononi. Mvua ilikatika kama saa sita, ikaacha ukungu. Wazungu walikaa kwenye jukwaa lao dogo la mbao na mablanketi magotini, na sisi tukajipanga kwenye kamba. Ndirangu alipotoka amevaa shati la hariri la yule kijana aliyeenda Australia, mikono ya shati mifupi kwake, vifundo vya mikono viko nje, wanawake wetu walipiga vigelegele mpaka farasi wakashtuka. Mzee mmoja kando yangu, ambaye wakati wa mkoloni alitiwa kizuizini akatoka na mguu mmoja mbovu, alivua kofia. Sijui kama mtu wa leo anaweza kuelewa. Tulikuwa na bendera, tulikuwa na wimbo, lakini hapa palikuwa na mtu wetu, wa chumba chetu, amekaa juu na wao.

Na mbio zilikwenda kama nilivyozikimbiza. Hiyo ndiyo inanisumbua. Farasi saba waliondoka, wakakata ndani wote isipokuwa mmoja. Mzunguko wa kwanza Ndirangu alikuwa wa mwisho, mbali kule chini ya ua, na watu wetu wakaanza kuguna. Kwenye mtaro wawili wakaanguka pamoja, na mmoja akakaa ndani ya maji kweli, na watu wakanigeukia wakanipiga mgongo kama mimi ndiye niliyemwangusha. Mzunguko wa pili wale wengine walikuwa wanapanda kiunzi kama mtu anayepanda ukuta. Mmoja alikataa, akasimama tu. Mwingine alitolewa. Nyambura alikuwa bado anaruka. Hakuwa anaruka vizuri tena, lakini aliruka, matope yamempaka mpaka machoni, na viunzi vikibaki viwili alikuwa wa pili, na farasi wa mbele yake alikuwa anayumba kama mlevi. Tulikuwa tunaimba. Nakumbuka sauti yangu ilikwisha.

Halafu, kule mbali ukungu ukishuka, na mimi nikiwa nimekimbia peke yangu hadi mwisho wa kamba, Ndirangu akavuta hatamu. Alimvuta taratibu, si kama mtu aliyeshindwa, kama mtu anayesimamisha baiskeli mbele ya duka. Nyambura akatembea hatua chache, akasimama. Ndirangu akashuka. Akapitisha hatamu juu ya kichwa chake, akamshika shavu, akaanza kumtembeza kwa miguu, yeye kwa upande wa mguu wa mbele wa kushoto, mbele ya jukwaa, mbele ya kamba, mbele ya sisi wote. Wimbo ulikufa mtu mmoja mmoja. Yule farasi mlevi akamaliza peke yake, na nyuma yake, baada ya muda mrefu, akamaliza mwingine ambaye nusu alikuwa anatembea, na huyo ndiye mnunuzi wa Nairobi alimchukua.

Nilikimbia kuzunguka jukwaa ili nimfikie zizini, na hapo nikasikia. Bwana Miwani alikuwa amesimama na mnunuzi na mama mmoja mwenye miavuli miwili. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, cha kubeba mizigo, lakini hicho nilikielewa. Mnunuzi aliuliza kwa nini ameshuka. Bwana Miwani akafuta miwani yake, akasema hawa hawana moyo wa kitu hiki, akasema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba mahindi hayakubali mahali fulani kwa sababu ya baridi. Yule mama akacheka kidogo. Na niseme ukweli ulivyo: sikumkasirikia Bwana Miwani. Nilimkasirikia Ndirangu. Nilikuwa najiuliza alikuwa na haja gani ya kushuka pale, mbele yao, siku hiyo.

Nilimkuta ameinama anaosha mguu wa Nyambura na maji ya baridi. Alichukua mkono wangu akauweka nyuma ya mguu, chini ya goti, na nikahisi pale palivyovimba, pana joto kama sufuria iliyotoka mekoni, na ndani yake kitu kinatetemeka. Mnyama mwenyewe alikuwa amesimama kimya ananiangalia. Nikamuuliza Ndirangu, "Si ilibaki viunzi viwili tu? Hangemaliza?"

"Angemaliza," akasema. "Hiyo ndiyo shida. Ningemwambia aende, angeenda."

Tulirudi Majengo, na njiani watu waliotuona walitupisha, wengine wakatazama pembeni. Usiku huo kupitia ukuta tulisikia kila kitu. Mtu alisema Ndirangu amewafungisha maduka bure. Mwingine akasema kama ni kuogopa, angekataa mapema wapande watu wengine. Mwingine akasema, na sauti yake haikuwa ya dhihaka, kwamba sasa wazungu wataenda kwao wakisema walitupa nafasi. Ndirangu alikuwa amelala ameangalia ukuta. Sikujua kama usingizi umemchukua. Mimi nilikuwa nahesabu nini nitasema Jumapili.

Nataka mtu anielewe hapa, kwa sababu sikufanya kwa ubaya. Ningeweza kumfanya mchezo. Watu walikuwa tayari kumcheka, na kazi yangu ilikuwa kuwapa wanachotaka. Sikutaka. Nilitaka kumwokoa. Jumapili nilipanda kreti, watu wamejaa lakini wamenuna, na nikaanza na matope. Niliwapa kila kitu walichokiona na walichokosa kuona kwa sababu ya ukungu, maana ile sehemu ya viunzi viwili vya mwisho ilikuwa mbali kidogo na kamba, na ukungu ulikuwa umeshuka, na mimi peke yangu ndiye niliyekimbia upande ule. Ukungu ulinisaidia. Nikawaambia kile mlichokiona ni mwisho, hamkuona mwanzo wake. Nikasema Nyambura aligonga kiunzi kwa goti, nikapiga sinia. Ndirangu akarushwa mbele, akaanguka kifudifudi, matope mdomoni, matope puani, na hakuachilia hatamu. Akaburutwa. Akasimama. Akaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko apande tena, akateleza. Akaweka tena, akateleza tena. Mara ya tatu mnyama mwenyewe akakataa, na hapo ndipo mlipomwona anatembea. Nilisema haya na machozi yakanitoka, na yalikuwa machozi ya kweli, maana kufikia hapo nilikuwa namwona akianguka. Niliona nyuso zikibadilika. Fundi Idi akapiga meza, akasema, "Huyo ni mwanaume bwana. Mimi nilijua kuna kitu." Mtu akaagiza Ndirangu apewe chai na mandazi mawili kwa jina lake. Yule mzee wa kizuizini akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Ndirangu alikuwa ameingia katikati ya maneno yangu, sijui wakati gani. Alikuwa kwenye benchi la karibu na mlango wa jiko, na sahani ya maharagwe mbele yake. Mama Zuhura alipomwekea ile chai ya heshima, aliisukuma kando kidogo.

"Sikuanguka," akasema.

Sauti yake haikuwa kubwa. Watu walinyamaza kuanzia karibu naye, wakaendelea kunyamaza hadi mlangoni. Nikamwangalia kutoka juu ya kreti, nikamfanyia ishara kwa macho, nyamaza, wacha iende. Akaniona. Nina hakika aliniona.

"Nilishuka mwenyewe," akasema. "Mguu wake ulikuwa unakatika. Huyu anajua. Nilimwonyesha."

Halafu kijana mmoja wa gereji, nyuma kabisa, akauliza, "Kwani ulishukia stegi gani ya basi?" Na ile nyumba ikapasuka. Walicheka kama watu waliobanwa tangu jana. Mmoja akaita, Kiganjo, kuna mtu wa kushuka Kiganjo. Mwingine akauliza kama alirudishiwa nauli. Fundi Idi alicheka akishikilia mbavu, na mzee wa kizuizini akavaa kofia yake akatoka nje. Ndirangu aliendelea kula maharagwe yake. Alimaliza, akapangusa sahani na kipande cha mkate, kwa utaratibu, na wote wale wanacheka juu ya kichwa chake. Ni Mama Zuhura tu aliyemuuliza swali la maana. Alimwinamia akamuuliza, na mnyama yuko namna gani? Akamwambia amesimama, anakula. Mama akasema alhamdulillahi, akachukua sahani.

Mimi nilikuwa bado juu ya kreti. Sikucheka. Wakati mwingine nimejitetea hivyo, kwamba angalau sikucheka. Lakini hakuna aliyenicheka mimi, na hiyo ndiyo imenila miaka hii yote. Mtu aliyesema uongo mbele yao alikuwa amesimama juu kabisa, na hawakuwa na neno naye. Kwao nilikuwa rafiki mwema aliyejaribu kumfunika mwenzake, na mwenzake mjinga akajifunua. Baadaye mtu akanipa mkono akasema, Redio, wewe umefanya yako. Na mimi kwa muda niliamini hivyo. Ilinichukua siku kadhaa kuona nilichofanya. Mtu alikuwa amefanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuona mtu akifanya, amelifanya mchana, mbele ya kila aliyemtaka afanye kinyume, na mimi nilikuwa nimemfunika blanketi kama anayefunika mtu aliyejichafua.

Wiki hiyo Bwana Miwani aliita watu wa mbwa wa kuwinda. Ndirangu akaenda kwake kabla hawajafika, akamwambia mshahara wa mwisho asimpe, badala yake ampe Nyambura. Alinieleza kwamba mzungu alimwangalia muda mrefu, akamuuliza atamfanyia nini farasi mlemavu kule kwenye vishamba vya Kiriaini, na yeye akajibu ana mama mwenye nyasi. Mzungu akampa. Majengo ilipata cha kucheka kwa mwezi mzima. Mwafrika na farasi, mteremkoni kule, atalima naye chai? Lakini alikaa naye. Baadaye nilisikia kwamba ule mguu ulipona ukabaki mnene, na kwamba Nyambura alibeba magunia ya mbolea kwenda kwenye miche ya chai, na watoto wa shule walikuwa wakipitia pale makusudi kumwona. Tumeonana na Ndirangu mara nyingi tangu siku hizo, kwenye arusi, kwenye mazishi, na alinunua kwangu mabati ya nyumba yake yote. Aliniuliza habari za watoto. Aliniita Redio mpaka mwisho, bila kinyongo. Sikuwahi kulifungua lile jambo, na yeye hakulifungua, kwa sababu alikuwa ameshalifunga.

Alilifunga asubuhi aliyoondoka. Nilimsindikiza kwenye barabara ya Othaya. Alikuwa amemwekea Nyambura gunia la nguo mgongoni, jepesi, na mnyama alikuwa anachechemea, kwa hiyo tulikwenda polepole sana, hata wanawake wenye mizigo ya kuni walitupita wakigeuka kuangalia. Niliongea njia nzima. Nilimwambia nitarudi Jumapili nizikimbize tena, safari hii sawasawa, na mguu ndani yake, na nitawafanya walie kwa ajili ya mguu. Nilimwambia watu watasahau. Nilimwambia nikipata lori langu la kwanza atakuwa dereva wangu. Aliniacha niongee. Kwenye bonde alisimama ili Nyambura anywe maji, na wakati anakunywa, akaniuliza.

"Redio. Ungekuwa wewe umekaa pale juu, unausikia ule mguu, ungeshuka?"

Sikufikiri. Mkono wangu ulikuwa umegusa ule mshipa. "Ningeshuka," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akavuta lile gunia likae katikati ya mgongo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu, kama alivyotaka kujua shimo la kisigino litajaa maji haraka namna gani.

"Basi kwa nini uliwaambia nilianguka?"

Alingoja. Aliningoja mpaka Nyambura akainua kichwa kutoka kwenye maji, na mimi nilikuwa bado naangalia ule mguu. Halafu akamwita mnyama kwa ulimi, wakaanza kupanda ule upande mwingine, yeye akienda kwa mwendo wa Nyambura.